Sanduku la Kioo la Mkwe wa Mwenyekiti

Sokoni kwetu kuna mtu mmoja tu ambaye akipita watu humpisha bila kuombwa, na mtu huyo si mwenyekiti. Ni Fundi Vioo. Akitokea na kioo cha dirisha mikononi na kupaza sauti, "Kioo! Kioo hicho!", hata waliokuwa wakigombania mzani huachana na kusogea kando. Mimi nauza ndoo na mabeseni mkabala na duka lake, huu ni mwaka wa kumi na nne, na kila akipita inanibidi nihamishe bidhaa zangu. Watu huniita Mama Ndoo, lakini kwa jinsi nilivyohamahama, nami ni fundi vioo nusu.

Ni mtu wa maneno machache. Mungu kanijalia mimi mdomo, yeye kamjalia vidole, kwa hiyo ujirani wetu haujawahi kuingia doa: mimi nasema, yeye anakata. Huchovya kikatio chake katika mafuta ya taa, huweka rula, huvuta mstari mmoja tu, kisha hukigonga kioo kwa chini nacho kikaachana pale pale alipotaka. Mteja akimharakisha, jibu ni lile lile siku zote: "Nguo ina kiraka, mbao ina gundi. Kioo hakina samahani." Tangu nimjue sikuwahi kumsikia akisema amekosea. Na kweli alikuwa hakosei, jambo ambalo kwa jirani linachosha kidogo.

Vioo vidogo huvibeba mwenyewe. Vile vikubwa, vya milango ya maduka, vinataka watu wawili, na wa pili siku zote alikuwa baba mkwe wake, Mzee Magodoro. Mzee huyo huuza magodoro mwisho wa safu yetu, na wakati huo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa soko. Ndiye aliyempa fundi binti yake, na hata kabla ya binti alimpa pembe ya kibanda chake aanzie kazi. Kila Jumamosi asubuhi utawakuta wamebeba kioo, mzee mbele akienda kinyumenyume bila kutazama anakokwenda, mkwewe nyuma akimwongoza: "Kushoto kidogo, baba. Ngazi moja. Haya." Kubeba kioo na mwenzio si kazi ya misuli. Mmoja akiyumba, mwingine ndiye anayekatika mkono. Nilipenda kuwatazama, nasema kweli.

Sasa nikuingize kwenye uchaguzi.

Ule uliotangulia tulipiga kura kwenye sanduku la mbao. Lilikuwa na kufuli mbili, nazo ndizo zilizotuponza, maana tulikodolea macho kufuli tukasahau mlango. Jioni katibu wa zamani alilibeba hadi ofisini "kuhesabu kwa utulivu", akajifungia, na baada ya saa mbili akatoka na karatasi: Mzee Magodoro ameshinda kwa kura mia nne na kumi na mbili. Tukapiga makofi. Muuza madaftari, ambaye hesabu ni ugonjwa wake, ndiye aliyeuliza taratibu: soko lina vibanda mia tatu arobaini na sita, kila kibanda kura moja, hizo za juu zimetoka wapi? Katibu akajibu kwamba hizo ni kura za hamasa. Kura za hamasa, jamani! Tulipotaka kuziona, tukaambiwa zimeshachomwa ili kupunguza takataka. Kabla ya mwezi kuisha katibu akahama soko na kibanda chake.

Mzee alibaki na kiti, ila imani ya watu ilihama na katibu. Akisema mtaro utazibuliwa, watu hucheka. Akiitisha mkutano, huja watu sita, na wawili kati yao wamefuata kivuli. Hakuwahi kutamka neno juu ya zile kura. Lakini mtu akisema "mia nne" tu, hata kama anahesabu misumari, mzee alikuwa anainuka na kuondoka.

Miaka minne ikapita, uchaguzi ukarudi. Safari hii alijitokeza mpinzani wa kweli, Mama Viatu, muuza viatu vya mtumba, mwanamke ambaye siku moja alikunja gauni, akaingia mtaroni na koleo na kuuzibua mwenyewe huku sisi tukimshangilia kutoka mbali. Muuza madaftari tulimpa ukatibu kwa sababu ya lile swali lake. Tatizo ni kwamba nusu ya soko ilikuwa imeshaapa kutopiga kura. Walisema kwa nini wachoshe miguu, hesabu itafanyiwa chumbani kama kawaida.

Ndipo katibu mpya akaja kwa Fundi Vioo. "Tunataka sanduku lisilo na siri," akamwambia. "La kioo tupu. Kila mtu aone ndani, juu mpaka chini."

Fundi akamtazama. "Vipimo?"

Basi hilo ndilo neno alilosema. Sisi wengine tulikuwa na mengi zaidi. Mkwe anatengeneza sanduku la baba mkwe! Kikulacho ki nguoni mwako! Nami nilisema hivyo hivyo, tena mara mbili, sitajifanya malaika. Yeye alifanya kazi siku mbili bila kuinua kichwa. Akakata vioo vitano vinene, akavisugua kingo zisimkate mtu, akaviunga kwa gundi angavu, akavisha kifuniko cha alumini chenye upenyo. Kisha akaliweka juu ya stuli nje ya duka na kutuacha tulichunguze. Tukachunguza. Wengine waliinama kutafuta sakafu ya pili. Muuza mkaa alisogea mno hadi akaacha alama nyeusi ya pua, fundi akaifuta bila kusema kitu. Wiki hiyo nikaanza kusikia watu wakisema "nitapiga" badala ya "sipigi", na moyo wangu ukafurahi.

Wakati huohuo katibu naye alikuwa akiandaa karatasi za kura. Kwa kuwa si sote tunaopatana na herufi, akaamua kutumia rangi: manjano ni Mzee Magodoro, kijani ni Mama Viatu. Unapewa zote mbili, unaingia nyuma ya pazia, unachagua moja, ile nyingine unaitupa kwenye ndoo yangu nyeusi yenye kifuniko. Wazo zuri. Na sanduku la kioo wazo zuri. Mawazo mawili mazuri, na katika watu zaidi ya mia tatu wenye macho mawili mawili, hakuna hata mmoja aliyekaa akayaweka pamoja.

Siku tatu kabla ya uchaguzi mzee alipita dukani kwa mkwewe, mimi nikiwepo. "Kura yako naijua, mwanangu," akasema akicheka, akimpigapiga begani. "Yako wala siombi."

"Ndiyo, baba," fundi akajibu, lakini alijibu akitazama rula.

Mzee alipoondoka, fundi aliniuliza swali, na hilo lilikuwa swali la kwanza katika miaka kumi na minne. "Mama Ndoo, mtu akikupa pembe ya kibanda chake, amenunua na mkono wako?"

"Mimi najua mtaro unanuka," nikamwambia. "Hayo mengine sijui."

Akachovya kikatio katika mafuta ya taa. Kisha akasema, "Mzee amechoka. Anataka kushuka, ila hajui ashukie wapi." Akarudi kwenye kioo chake. Nilimwonea huruma, maana nilijua anampenda yule mzee kuliko wengi wanavyowapenda baba zao wa kuwazaa.

Siku ya uchaguzi meza iliwekwa uwanjani katikati ya safu, sanduku juu yake, jua linapenya upande hadi upande. Mimi nilikaa chini karibu kabisa, kati ya meza na pazia, nikilinda ndoo yangu iliyochomoza nusu chini ya pazia. Wagombea wawili walikaa kwenye viti vya mbele. Katibu akatangaza kwamba aliyetengeneza sanduku aanze yeye, ili ubovu ukiwepo umpate mwenyewe. Watu wakacheka na kupiga makofi.

Fundi Vioo akaingia nyuma ya pazia. Akatoka na karatasi ameikunja ndani ya ngumi, akaja mezani, akainua mkono hadi kwenye upenyo. Hapo mkono ukasimama. Mimi nilikuwa chini, na vidole vyake vilikuwa usawa wa macho yangu. Kati ya kidole na kidole nikaona kijani.

Nikamtazama usoni nikaona jinsi anavyotazama. Alikuwa akitazama ndani ya sanduku lake, na kwa upande wa pili wa kioo, waziwazi kabisa, kulikuwa na uso wa baba mkwe wake unaotabasamu.

"Tia, mwanangu!" mzee akasema. "Unangoja nini? Umesahau mlango wa nyumba uliyoijenga mwenyewe?"

Watu wakaangua kicheko. Fundi akatazama nyuma. Pazia lilikuwa hatua mbili nyuma yake. Angeweza kusema amesahau kitu, akarudi, akabadilisha. Mimi ningerudi, tena mbio, sioni haya kusema. Yeye alishusha mkono, akaitia karatasi mfukoni, akatugeukia.

"Jamani," akasema. "Nimekosea."

Nilikaribia kuanguka ndani ya ndoo yangu.

"Sanduku langu lina kosa," akaendelea.

Hapo zikalipuka kelele. "Si tulisema! Mkwe huyo! Anachelewesha kura!" Katibu akalizunguka sanduku akilipapasa. "Kosa gani? Limepasuka?"

"Halijapasuka. Linaonyesha."

"Si ndiyo kazi yake?"

"Linaonyesha kura, na linamwonyesha na mpigaji," fundi akasema, na hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akiyapanga kwa mpigo mmoja. "Karatasi ni za rangi, kioo ni kitupu. Kila atakayetia, soko zima litajua katia nani. Mimi nilipima urefu na upana tu. Hilo sikulipima."

Vidole vilivyokuwa vikimnyooshea vikashuka. Kila mmoja alikuwa akijifikiria yeye. Muuza mkaa, ambaye asubuhi hiyohiyo alikunywa chai kwa Mzee Magodoro akamwahidi, akaenda kunywa nyingine kwa Mama Viatu akamwahidi, alijifuta paji la uso na kuacha mstari mweusi. Mume na mke wenye vibanda viwili vya vitunguu walitazamana kidogo, wakaacha. Kisha katibu akaanza kucheka. Alicheka hadi akavua miwani, nasi tukamfuata, soko zima, tukijicheka wenyewe.

"Lipakwe rangi basi!" mmoja akapendekeza.

"Likipakwa rangi si litakuwa la mbao tena?" Mama Viatu akamrudi.

Fundi akamgeukia katibu. "Pale dukani kwako una bahasha za kaki?"

"Boksi zima."

"Basi sanduku libaki uchi, kura ndiyo ivae nguo."

Watu wakashangilia. Lakini Mzee Magodoro akainuka kwenye kiti chake, na kelele zikafa. Tabasamu lilikuwa limemtoka. "Mkwe," akasema polepole. "Na wewe ulikuwa unatia rangi gani?"

Nilishika ukingo wa ndoo yangu kwa mikono miwili.

"Baba," fundi akajibu kwa adabu, ameinamisha kichwa, "swali hilo ndilo kosa lenyewe la sanduku langu. Ndilo ninalolirekebisha."

Mzee akamtazama kitambo, akakaa.

Tukapiga kura. Katibu aligonga muhuri kila bahasha, akampa mtu moja na kukata namba ya kibanda chake daftarini. Watu mia tatu na arobaini walilamba gundi ya bahasha wakakunja nyuso, na kila bahasha ilipotua ndani ya kioo tuliihesabu kwa sauti, soko zima: "Thelathini na saba! Thelathini na nane!" Vibanda sita tu havikuja, na vyote tulivijua kwa majina.

Ya mwisho ilipoingia, mmoja kwa mazoea akasema sanduku lipelekwe ofisini. Katibu akalikumbatia. "Haliendi hata hatua moja. Hata mvua ikinyesha, tutalowa nalo." Akafungua bahasha ya kwanza palepale, akainua karatasi juu, akaita rangi. Kisha ikapelekwa kubandikwa kwenye dirisha la duka la Fundi Vioo, manjano kushoto, kijani kulia, kumi kumi kwa mstari. Mimi nilishika kopo la gundi. Dirisha likajaa taratibu, na kila mtu aliyekuwa na kidole alikuwa akihesabu.

Manjano mia moja sitini na tisa. Kijani mia moja na sabini. Na bahasha moja ilikutwa na karatasi zote mbili ndani. Hiyo tukaibandika chini kabisa, peke yake, na hatukuuliza ni ya nani, ingawa muuza mkaa ghafla alikuwa akichunguza viatu vyake.

Kura moja! Nikamtazama fundi, naye alikuwa akitazama kopo la gundi. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, kama ilivyo desturi yake, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikaufunga. Nakwambia wewe kwa kuwa huna kibanda sokoni kwetu.

Tulikubaliana karatasi zikae dirishani wiki nzima. Watu walikuja kuhesabu kabla ya kufungua vibanda, wakaja tena baada ya kufunga. Waliokuwa wameapa kwamba hesabu za soko ni za kupikwa walihesabu, wakaondoka wakiwa wamefurahi kuliko walioshinda. Mama Viatu alianza na mtaro siku ya pili. Ila Mzee Magodoro hakuonekana. Kibanda chake kilifunguliwa na msaidizi, na magodoro yalipangwa vibaya.

Jumamosi ikafika. Kulikuwa na kioo kikubwa cha mlango wa duka la dawa, fundi amekiegemeza ukutani tangu asubuhi. Akangoja. Saa mbili, saa tatu. Nikajitolea mimi. Nikashika upande mmoja, tukaenda hatua mbili, nikaanza kueleza jambo, kioo kikayumba, nikapiga yowe, tukakirudisha ukutani.

"Atakuja," nikamwambia.

"Sijui, Mama Ndoo," akasema, akakaa kwenye stuli. Sijawahi kumwona mnyonge vile. Alitazama ule upande wa kioo ambao mzee alikuwa akishika, na mimi nikajilaumu kwa lile jibu langu la mtaro, kana kwamba ndilo lililopiga ile kura.

Saa tano mzee akaja. Alikuja na kiti chake na miwani yake. Hakumsalimu mtu. Akaweka kiti mbele ya dirisha, akakaa, akaanza kuhesabu kwa kidole, akigusa kioo karatasi kwa karatasi. Akamaliza manjano, akahesabu kijani. Akarudia. Watu wakaanza kusogea. Mara ya tatu alihesabu kwa sauti, na sisi tukiwa nyuma yake. Kisha akainuka.

"Mia moja sitini na tisa," akasema. "Nimehesabu mwenyewe. Nimeshindwa."

Neno hilo sokoni kwetu lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwa mtu mwenye kiti. "Asiyekubali kushindwa si mshindani, mzee wetu!" mtu akapaza sauti, na makofi yakalia marefu, marefu kuliko yale ya mia nne na kumi na mbili. Mzee akayapunga kwa mkono kama anayefukuza nzi, lakini aliyasikia.

Akamgeukia mkwewe na kushusha sauti. Mimi nilikuwepo, nitafanyaje.

"Safari ile waliniambia mia nne na kumi na mbili," akasema. "Unajua miaka yote hii nilikuwa najiuliza nini? Kwamba katika zile, ilikuwepo hata moja ya kweli? Nimekalia kiti miaka minne sijui kama kuna mtu aliyenitaka. Watu wakicheka, nasema labda hakuna hata mmoja." Akagusa dirisha. "Hawa hapa. Mia moja sitini na tisa. Nimewagusa kwa kidole changu."

Macho yake yalikuwa yamelowa. Yangu yalishatangulia.

"Baba," fundi akaanza, "ile yangu mimi ili..."

Mzee akainua mkono. "Nyamaza. Yako imo humo pamoja na wenzake. Iache huko huko." Kisha akatazama ukutani. "Na hicho ni cha nani?"

"Cha duka la dawa, baba. Kipo tangu asubuhi."

"Na wewe unakitazama tu kama picha? Shika upande wako."

Wakainama pamoja, wakakiinua. Mzee akageuza mgongo kule wanakokwenda, akaanza kurudi kinyumenyume, wala hakutazama nyuma hata mara moja.

"Kushoto kidogo, baba," nikamsikia fundi akisema. "Ngazi moja. Haya."

Nami nikainuka kuhamisha ndoo zangu.